Namna ya kusoma maoni ya wasomaji kabla hujanunua thrila ya siris ndefu (na namna ya kuandika ya kwako)

Nimesimama Posta, Dar, mbele ya turubai la vitabu vya mtumba, mkono mmoja nimeshika kitabu cha thrila, yaani riwaya ya taharuki, cha Jack Reacher kinaitwa 61 Hours, mkono mwingine simu, nasoma watu wanakisemaje kabla sijatoa elfu tano yangu. Wa kwanza anasema ndo kitabu bora kuliko vyote vya huyu jamaa. Wa pili anasema amekimaliza saa nane za usiku akakibamiza ukutani kwa hasira. Wa tatu katoa nyota moja kwa sababu kilimfikia kava limekunjamana. Muuzaji ananiangalia tu, mwisho akashindwa kuvumilia, "dada, unanunua kitabu au unasoma simu?"

Nikanunua. Nilivyomaliza ndo nikaelewa kwamba wale wawili wa mwanzo wote walisema kweli, tena walikuwa wanaongelea kurasa zilezile za mwisho, ila mimi wakati nasoma maoni yao nilichukulia mmoja wao anadanganya. Toka siku hiyo nimesoma maoni mengi kuliko hata vitabu vyenyewe (mume wangu ni shahidi) na nimejiwekea utaratibu wangu, ndo huu nauandika hapa, na nitamtumia huyuhuyu Reacher kama mfano kwa sababu ndo ninayemjua vizuri na vitabu vyake vya mtumba vinapatikana kila kona.

Kwa wasiomjua, Reacher ni meja wa zamani wa polisi wa jeshi la Marekani, alitoka jeshini akaamua kuzurura, hana nyumba wala begi, ana mswaki wa kukunja mfukoni tu, nguo akichafuka ananunua za bei poa za zamani anatupa, anashuka kwenye basi mji wowote na matatizo yanamkuta hapo. Kitabu cha kwanza kilitoka 1997. Mwandishi ni Lee Child, hilo ni jina la kalamu, kwao anaitwa James Grant, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi Granada Television kule Manchester mpaka walipompunguza kazi 1995, akakaa chini akaanza kuandika. Toka hapo ni kitabu kila mwaka, 2010 vikatoka viwili, na cha 2025 ni cha 30. Thelathini. Sasa kitabu cha ngapi unaanzia, na umwamini nani kati ya watu wote walioacha maneno yao huko?

Kitu cha kwanza kabisa, kabla hujasoma kasema nini, tafuta kujua anayesema ni nani. Simaanishi jina lake, namaanisha amefika hapo kwa njia gani. Kwenye kitabu kinachojitegemea hii haina shida sana, wote mmeanza ukurasa wa kwanza mkiwa sawa. Kwenye siris, yaani vitabu vya mfululizo vya mhusika mmoja, hamko sawa hata kidogo. Kuna mgeni, kaokota kitabu cha 14 uwanja wa ndege hajui chochote. Kuna mkongwe ambaye ana vyote kabatini na anajua Reacher anakunywa kahawa nyeusi bila sukari kuliko anavyojua shemeji yake anakunywa nini. Kuna aliyetoka kwenye muvi au tamthilia. Na kuna anayesikiliza badala ya kusoma, huyo nusu ya maoni yake ni sauti ya msomaji, eti anavuta maneno, eti akiigiza mwanamke anachekesha, hayo yote kwako wewe uliyeshika karatasi hayakuhusu, ruka.

Mgeni akikisifia kitabu cha 14, hiyo ni taarifa kubwa, maana yake kinasimama chenyewe na hata wewe ukianzia hapo hutapotea. Mkongwe akikisifia, jiulize mara mbili, kwa sababu mkongwe anapenda kukutana na mtu wake tu, hata huyo mtu akikaa kurasa mia tatu anapanga foleni ya umeme yeye atafurahi. Ila mkongwe akilalamika, hapo kaa chini msikilize, kwa sababu analalamika kwa upendo na huwa anataja kitu mahsusi, "zamani alikuwa hivi sasa yuko hivi". Kuhusu aliyetoka kwenye muvi nitarudi kwake, ana kesi yake.

Kuna sentensi moja utakutana nayo kwenye kila siris, nakupa tahadhari mapema: "ni kama zile nyingine tu". Hii sentensi msomaji wa kitabu cha tatu anaiandika kama sifa na msomaji wa kitabu cha ishirini anaiandika kama tusi, maneno yaleyale. Thrila za mfululizo ni kama chapati, hakuna mtu anamlalamikia mama kwamba chapati ya leo inafanana na ya jana, kufanana ndo biashara yenyewe, mpaka siku moja umekula chapati wiki tatu mfululizo na ukiiona tu unasikia kichefuchefu. Chapati haijabadilika. Kwa hiyo ukikuta mtu anasema anajirudia, angalia kama kataja amesoma vingapi, na vilevile angalia kama alivisoma kwa kufululiza. Waliosoma vitabu kumi mwezi mmoja wanachoka haraka na wanadhani mwandishi ndo kachoka. Mimi huwa nikimaliza kimoja naweka kitu kingine katikati, hata gazeti.

Haya turudi kwenye kile kitabu kilichobamizwa ukutani, maana hapo ndo kuna somo lenyewe. 61 Hours stori yake: baridi kali, theluji, basi la wazee watalii linateleza kwenye barafu karibu na mji mdogo unaitwa Bolton, South Dakota, na Reacher ni abiria humo. Mji una gereza jipya, una genge la waendesha pikipiki wanaouza dawa za kulevya, na una bibi mmoja mstaarabu aliyewahi kuwa mkutubi ambaye ni shahidi na anatakiwa alindwe asiuawe kabla ya kesi. Na mwandishi toka mwanzo anakuhesabia saa, zimebaki 61, zimebaki kadhaa, zimebaki chache, na wewe hujui zikiisha kunatokea nini. Ukizingatia Reacher ni mtu ambaye havai saa lakini muda wote anajua ni saa ngapi kichwani, huo mchezo wa kuhesabu unakukaba vizuri sana. Taharuki ya hali ya juu, na 2011 kitabu kikapewa tuzo ya Theakston kule Uingereza ya riwaya bora ya uhalifu ya mwaka.

Sasa mwisho. Siusemi. Nasema hivi tu, ukimaliza hujui kwa uhakika kimempata nini steringi, yaani mhusika mkuu.

Na sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, tunajua sheria moja kuu ya duniani: steringi hafi. Jambazi akimwelekezea bunduki steringi na mtoto wa mbele akaanza kulia, kuna mkubwa nyuma anamwambia tulia wewe, steringi hafi. Tulilipa tukijua hivyo na tulikaa roho juu vilevile. Msomaji wa siris ndefu ana mkataba huohuo na mwandishi hata kama haujaandikwa popote, wewe nitese utakavyo katikati ila mwisho nirudishie mtu wangu mzima, apande basi aende zake. 61 Hours ikamnyima hilo. Kwa hiyo aliyesema ni bora kuliko vyote alikuwa anapima taharuki, na kweli ni bora, na aliyekibamiza ukutani alikuwa anapima mkataba, na kweli ulivunjwa. Sio kitabu kizuri kwa mmoja na kibaya kwa mwingine. Wanapima vitu viwili tofauti kwa nyota zilezile tano.

Basi hii ndo kazi ya pili unayoifanya ukisoma maoni: jiulize huyu analalamikia kitabu au analalamikia ahadi? Akisema katikati panaboa, maelezo ya silaha kurasa nne, adui katuni, nilimjua muuaji sura ya tano, hayo ni malalamiko ya kitabu na yanakuhusu moja kwa moja. Akisema "Reacher ninayemjua asingefanya hivi", "nimedanganywa", "hii siyo siris niliyoipenda", hayo ni ya ahadi na yanakuhusu tu kama na wewe ulipewa hiyo ahadi. Kama wewe ni mgeni hukupewa chochote, utakisoma ukafurahi na utashangaa watu wanalia nini.

Jambo linaloendana na hilo ni tarehe ya maoni, watu wengi hawaiangalii kabisa. Kitabu kilichofuata, Worth Dying For, kilitoka mwaka huohuo wa 2010, kule Uingereza ilikuwa ni miezi sita hivi baadae. Aliyeandika maoni yake Aprili 2010 aliachwa ananing'inia, hakuna cha kushika, hasira zake ni halali kabisa. Aliyeandika 2018 alikuwa na kitabu kinachofuata mezani, akafunga hiki akafungua kile kabla kahawa haijapoa, huyo atakuambia "sioni tatizo liko wapi". Wewe leo uko kwenye hali ya huyu wa pili. Kwa hiyo malalamiko ya mwisho unaoning'inia kwenye siris ambayo tayari imesonga mbele, yapunguze uzito nusu. Ila sikiliza, ukiwa mtu wa mtumba kama mimi, wewe uko kwenye hali ya 2010, kwa sababu kitabu kinachofuata kitapatikana siku Mungu akipenda. Mimi Worth Dying For niliisubiri kwa kuzunguka mabanda karibu mwaka mzima. Nanunua viwili viwili siku hizi.

Na bado waliosubiri miezi sita wakalalamika tena, kwamba kitabu cha 15, hicho Worth Dying For, kilivyofunguka kinaeleza mambo ya cha 14, yaani 61 Hours, juujuu tu na stori inaendelea Nebraska kama vile hakuna kilichotokea. Hayo nayo ni malalamiko ya ahadi.

Nyota tatu. Hapa nitakuwa mfupi. Nyota tano ni mapenzi, nyota moja ni hasira au mzigo ulioharibikia njiani, wa nyota tatu ndo amekaa akafikiria. Anza nao. Mtu wa nyota tatu lazima akuambie kilichomvuta na kilichomrudisha nyuma, vinginevyo asingetoa tatu. Kama una dakika tano soma maoni kumi ya nyota tatu, ondoka.

Halafu kuna habari ya mpangilio, anzia wapi, ruka kipi, na humu kwenye maoni ndo utachanganywa kuliko sehemu yoyote. Nusu watakuambia soma popote, nusu watakuambia lazima uanze na cha 1997. Kwa Reacher jibu ni kwamba vingi vinajitegemea kwa sababu mtu mwenyewe hana makazi wala familia ya kufuatilia, ila kuna minyororo midogo ndani yake. Cha 14, cha 15, cha 17 na cha 18 vinashikana, kuna sauti ya mwanamke kwenye simu ndani ya 61 Hours, meja anaitwa Susan Turner, ambaye Reacher anamfuata kwenda kumwona na safari inamchukua hadi Never Go Back ya 2013. Ukianzia mwishoni hutapotea ila utakosa ule utamu wa kusubiri. Cha 16 kimekaa hapo katikati kinarudi nyuma 1997, miezi sita kabla ya kitabu cha kwanza kabisa, na cha 8 kinarudi hadi mwaka mpya wa 1990 Reacher bado yuko jeshini. Kwa hiyo mtu akikuambia "soma kwa mpangilio" muulize wa kutoka au wa matukio, maana ni vitu viwili na wengi wanaotoa huo ushauri hawajui kama ni viwili. Mimi nasema wa kutoka. Waandishi wanaporudi nyuma huwa wanakonyeza jicho kwa mambo unayoyajua tayari, ukisoma kwa matukio hutaona hilo jicho.

Na angalia majina! Kitabu cha nne Marekani kinaitwa Running Blind, Uingereza kinaitwa The Visitor, ni kitabu kimoja neno kwa neno. Mtumba wetu unatoka pande zote mbili za bahari. Nimevinunua vyote viwili, nikakaa na cha pili najiona nimebarikiwa, kufika ukurasa wa tatu naona mbona huyu namjua. Maoni yangeniokoa, kuna watu wengi tu wameandika "tahadhari, hiki ni kilekile", sikuyasoma kwa sababu siku hiyo nilijifanya najua.

Sasa yule wa muvi. Muvi ya kwanza ilitoka 2012 ikaigizwa na Tom Cruise, na wasomaji wakachachamaa dunia nzima kwa sababu Reacher wa kitabuni ana futi sita na inchi tano, karibu mita 1.96, mikono kama koleo, na Cruise hata kwa kumvisha viatu gani hafiki huko. Wengine wakaona ni utoto, muvi ni muvi. Lakini fikiria, hata jina la Reacher lilitokana na urefu. Mwandishi mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa supamaketi na mkewe, bibi mmoja akamwomba amfikishie kitu rafu ya juu, mke akamwambia mambo ya uandishi yakigoma utapata kazi ya kufikia watu vitu huku. Mtu anaingia chumba na wahuni watano wanapunguza sauti kabla hajafungua mdomo, nusu ya stori ndo hiyo. Mwaka 2018 mwandishi akasema hadharani kwamba wasomaji wako sahihi, na tamthilia ya 2022 wakamchukua Alan Ritchson, likajaa skrini. Kwa hiyo wasomaji wakipiga kelele sio kila mara ni kelele tu.

Ila kwa wewe unayetafuta kitabu: maoni yaliyoandikwa baada ya Februari 2022 yamejaa watu waliotoka kwenye tamthilia, na wanakwenda zaidi kwenye vitabu vitatu, cha kwanza, cha 11 na cha 7, maana ndo msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wanalinganisha. "Kwenye tamthilia Neagley yupo, kitabuni mbona hayupo?" Neagley ni mwanamke aliyekuwa na Reacher jeshini, na ni kweli kwenye kitabu cha kwanza hayupo, sio kosa la kitabu. Ukiona lalamiko la namna hiyo pita zako.

Lingine kubwa ni mwandishi kubadilika. Januari 2020 ikatangazwa kwamba Lee Child anamwachia mdogo wake, Andrew, naye ni mwandishi, na Oktoba mwaka huo kikatoka cha 25 chenye majina yote mawili kwenye kava. Hapo soma maoni kwa akili. Kuna watu walishakichukia kabla hakijatoka, ukiwasoma unaona kabisa walikuwa na hukumu mkononi wanatafuta mshtakiwa. Wapo pia walioona kitu cha kweli, wengi wakataja jambo lilelile bila kuambizana: Reacher amekuwa muongeaji. Yule wa zamani mtu anamuuliza swali ananyamaza, na kunyamaza kwake ndo jibu, huyu mpya anaeleza na kutania na kwenye kile cha 25 yuko katikati ya mambo ya udukuzi wa kompyuta mji mdogo Tennessee. Watu kumi wasiojuana wakitaja kitu kimoja mahsusi, kitu hicho kipo. Watu kumi wakisema tu "sio kama zamani", hicho kinaweza kuwa huzuni tu. Nimesoma cha 25 na cha 26, na kiukweli naona lile la kuongea ni kweli, lakini nilimaliza vyote siku mbili mbili, sasa sijui nijitetee vipi.

Mabadiliko ya msimuliaji nayo yanagawa watu hivyohivyo. Siris ya Kay Scarpetta ya Patricia Cornwell, yule daktari wa kuchunguza maiti, ilianza 1990 anasimulia mwenyewe, "mimi". 2003 ikageuka ikawa "yeye", 2010 ikarudi "mimi". Ukisoma maoni ya vitabu vya hapo katikati unakuta mtu anasema "nahisi kuna kitu kimepungua sijui ni nini", ni hicho.

Na hapohapo kwa Scarpetta ndo niliungua, kwa hiyo nisikilize kwa makini kwenye hili la kuharibiwa uhondo. Wote tunajua kumkwepa mtu anayemwaga mwisho wa kitabu tunachokisoma. Kwenye siris hatari haiko hapo. Hatari iko kwenye maoni ya kitabu cha MBELE. Anayeandika kuhusu cha 12 anadhani wote wanaosoma pale wamemaliza cha 11, kwa hiyo anasema kwa amani kabisa "baada ya fulani kufanyiwa vile kwenye kitabu kilichopita" na wewe ulikuwa unapitia tu kuangalia kama siris inaendelea vizuri. Kuna mtu mmoja kwa Scarpetta kilichompata nilikijua hivyo, vitabu vitatu kabla sijafika. Kwa hiyo sheria yangu, usisome maoni yoyote ya kitabu kilicho mbele ya ulichonacho, wala maandishi ya nyuma ya kava, wala orodha ya majina ya sura. Najua utaniambia kitabu cha 15 kuwepo tu kunakuambia steringi wa cha 14 yu hai. Ndio. Hilo halina dawa.

Haya, zamu yako kuandika. Wahenga walisema usimwage mchele kwenye kuku wengi, anza na hilo. Kama lazima uongelee mwisho, sema aina ya mwisho, umefungwa au umeachwa wazi, usiseme tukio. Halafu sema umesoma vingapi kabla ya hiki, sentensi moja tu, ndo kitu cha thamani kuliko vyote na hakuna anayekiandika. Sema uliposimama kama hukumaliza, kusimama ukurasa wa 90 sio aibu ila ukitoa nyota moja bila kusema hukumaliza unatudanganya. Taja sehemu moja ya katikati iliyokushika au iliyokuchosha, moja, sio muhtasari wa stori yote, muhtasari upo nyuma ya kava. Na mambo ya dereva aliyechelewesha mzigo mwambie dereva.

Hebu ona. Mtu kaandika: "Kitabu kikali sana, twisti balaa, mwandishi fundi, nashauri kila mtu asome." Nimejua nini? Sijajua kitu. Mimi ya 61 Hours niliandika hivi: "Hiki ni cha sita kwangu, sikusoma kwa mpangilio. Baridi ya humu ndani utaivaa koti ukiwa Temeke. Ile ya kuhesabu saa inafanya kazi mpaka mwisho, nililala saa tisa. Anavyokaa na yule bibi mkutubi wanaongea ndo sehemu nzuri kuliko mapigano. Adui mkuu simuamini sana. Mwisho umeachwa wazi, kwa hiyo usikianze kama huna kinachofuata. Nyota nne." Sio maajabu, ila mtu akisimama Posta na elfu tano yake inamsaidia.

Na hizi za kwetu jamani, hizi ndo zinaniuma. Tuna siris zetu, Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960 hadi Kosa la Bwana Msa ya 1984, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Ukitafuta watu wanasemaje kuhusu Willy Gamba unakuta "naomba PDF". Chini yake "na mimi". Chini yake namba za simu. Wanapoweka stori kipande kipande ndo kabisa, maoni yote ni "admin tupia inayofuata tunakufa huku". Hayo nayo ni maoni, yanakuambia kipande kilikatwa pazuri, lakini kitabu chenyewe hakuna anayekisema.

Na maoni tunayahitaji, kwa sababu hao wahusika watatu sio kitu kimoja. Mtu katoka kwa Willy Gamba, bastola na ndege na warembo, anafungua Bwana Msa anategemea risasi ukurasa wa pili, anakuta mtu kakaa anavuta kiko anafikiria na rafiki yake Najum anamsikiliza, anasema inaboa. Haiboi, mzee anafumbua fumbo kwa akili na lugha ile ya Unguja ni ya kulamba vidole, ila inabidi mtu akuambie kabla. Au kijana wa leo anasema mbona kwa Willy Gamba adui ni Kaburu kila mara, hajui kwamba wakati ule ile Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yalikuwa hapahapa Dar, wasomaji wa siku zile hawakuona ni ya kutunga sana. Andika hilo. Andika na unasoma chapa ipi, ya zamani au ya kwenye simu, maana za kwenye simu nyingine zimerukwa kurasa na watu wanalaumu mwandishi stori haishikani.

Yule muuzaji wa Posta siku hizi ananiwekea. Juzi kaniita, "dada njoo, nimepata Joram Kiango", nikauliza ipi, kasema haina kava, kurasa mbili za mbele hazipo. Nimechukua, buku mbili. Nikimaliza nitaandika ni ipi.